Kipenga Kisicholia

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja, imepigwa fotokopi mara nyingi mpaka mistari ya jedwali ikaanza kufifia. Juu jina la mwamuzi na timu zilizocheza. Chini yake mwonekano, utimamu wa mwili, kujipanga uwanjani, mawasiliano na mabenchi, usahihi wa maamuzi, kila kimoja alama 10. Nilikuwa mwandishi wa mezani kwenye mashindano ya kikapu ya mkoa, enzi hizo kiuno bado kinavumilia benchi la mbao kutwa nzima, na kamishna wa mchezo alinipa nijaze mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Mechi ya tatu ilipoisha jua lilikuwa limeshazama na chipsi mayai zake zinapoa. "Mdogo wangu," akaniambia, "andika nane nane tu twende. Yule mrefu mpe tisa, anajituma." Nikaandika. Wiki mbili baadaye waamuzi wa nusu fainali walipangwa kwa fomu zile zile, na yule mrefu alikuwemo.

Kwa miaka mingi nilidhani ugonjwa wa fomu ile ulikuwa uvivu wetu sisi wawili. Uvivu ulikuwepo, sikatai. Lakini hata tungeijaza kama watu walioshika msahafu, bado isingetuambia ni mara ngapi mwamuzi alipaswa kupuliza akanyamaza. Fomu ilikuwa na mahali pa kuandika maamuzi, na sote tulielewa kwamba uamuzi ni kipenga kilicholia. Kipenga kisicholia hakikuwa na mstari wake. Mwamuzi mwoga, anayemeza kipenga dakika za mwisho ili asizomewe, alitoka na karatasi safi kuliko mwenzake aliyethubutu.

Ligi iliyolibeba tatizo hili kwa uzito, na kuanika majibu yake hadharani, ni NBA ya Marekani. Huko, baada ya msimu wa kawaida wa mechi 82 kwa kila timu, huja hatua ya mtoano, na si kila mwamuzi huivuka. Ni kama wachezaji: wengine wanaendelea, wengine wanakwenda nyumbani kutazama kwenye televisheni. Misimu ya karibuni ligi imekuwa ikichagua waamuzi 36 kuanza mtoano, halafu idadi inapunguzwa raundi kwa raundi mpaka wanabaki 12 wa fainali. Ligi yenyewe husema inatazama vitu vitatu: tathmini ya wasimamizi wa waamuzi, usahihi wa maamuzi, na madaraja yanayotolewa na timu. Sentensi moja tu hiyo, lakini kila neno ndani yake lina vita vyake.

Tuanze na usahihi. Usiku wa Krismasi ya 2016, sisi tunaokesha na kikapu (maradhi yaliyotuingia wengi mwaka 2009, Mtanzania Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya) tulikuwa macho kutazama Cleveland ikiikaribisha Golden State. Huku kwetu ilikuwa imeshapita saa saba ya usiku. Kyrie Irving akafunga zikiwa zimebaki sekunde 3.4, Cleveland 109, Golden State 108. Mpira wa mwisho ukaenda kwa Kevin Durant wa Golden State, akageuka, mguu wake ukakwaana na wa Richard Jefferson, akaanguka chini. Kimya. Mchezo ukaisha.

Siku iliyofuata ligi ikatoa ripoti yake ya dakika mbili za mwisho, ambayo imekuwa ikitolewa tangu Machi 2015 kwa mechi zinazokwenda mkono kwa mkono hadi mwisho. Ripoti ikakiri kwamba Durant alichezewa faulo. Ikakiri la pili ambalo wengi tulikuwa tumelisahau: kabla ya hapo, katika dakika hizo hizo mbili, LeBron James wa Cleveland alining'inia kwenye mduara baada ya kudanki, na alistahili faulo ya kiufundi. Faulo ya kiufundi ni mtupo mmoja huru. Mechi iliisha kwa tofauti ya pointi moja. Makosa mawili, yote yakiiumiza timu moja, na yote mawili ni ya kunyamaza. Durant mwenyewe, aliyedhulumiwa, ndiye aliyewatetea waamuzi. Alisema si haki ligi kuwatupa watu wake mbele ya umma namna ile, na kwamba mechi waliipoteza wao.

Ripoti ile ni jedwali kavu. Kila tukio lina muda wake, aina ya kosa, mchezaji aliyetenda, aliyetendewa, kipande cha video, na hukumu ya mojawapo ya namna nne: kipenga kililia na kilistahili kulia, kililia na hakikustahili, hakikulia na ndivyo ilivyotakiwa, hakikulia na kilitakiwa kilie. Ukizisoma ripoti hizi kwa wingi, kama nilivyofanya kwa miaka kadhaa bila kulipwa na mtu, utaona kwamba sehemu kubwa ya makosa imelala kwenye namna ya nne. Vipenga vya uongo ni vichache. Makosa yanajificha kwenye ukimya, kule kule ambako fomu yetu haikuwa na mstari.

Wabunifu wa jedwali lile waliweka jambo jingine ambalo nalipenda kuliko yote. Kosa ambalo haliwezi kuonekana ila kwa kusimamisha picha, kukuza video au kutumia saa ya kupimia halihesabiwi kuwa kosa la mwamuzi. Linaandikwa pembeni ndani ya mabano na maelezo yake, kisha mwamuzi anaachiwa. Hiyo ndiyo tofauti ya kumpima mtu na kuupima ukweli. Ukweli wa tukio unaweza kuwa kidole kiligusa mpira. Swali la tathmini ni iwapo binadamu anayekimbia, mita sita kutoka pale, akiwa amesimama mahali panapotakiwa, angeweza kukiona. Ukiyachanganya maswali hayo mawili unawaadhibu waamuzi kwa kutokuwa kamera.

Chama cha waamuzi kimeipinga ripoti hii hadharani, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema dakika mbili si mchezo. Mwamuzi aliyekosea robo ya pili haandikwi popote ambapo mashabiki wanaona, na yule wa dakika ya 47 anabeba msalaba wa wote. Kwa tathmini ya ndani ligi hukagua mchezo mzima, lakini macho ya watu yanakaa pale mwishoni, na ni vigumu kuamini kwamba wanaopanga fainali hawasikii kelele hizo.

Sasa hesabu, na hapa naomba uvumilivu kidogo. Kwenye hesabu za sehemu tulifundishwa kiasi kinakaa juu na asili inakaa chini. Makosa 20 ni mengi au machache? Jibu liko kwenye asili. Makosa 20 kati ya maamuzi 200 ni balaa, kati ya 2,000 ni kazi ya fundi. Kwenye kikapu kiasi ni rahisi kukipata, maana makosa yanaonekana. Asili ndiyo ngumu. Kila mgongano ambao haukupulizwa ulikuwa uamuzi, lakini ni ipi unayoihesabu? Ukihesabu kila mguso wa bega chini ya mduara, usahihi wa kila mwamuzi utapanda hadi asilimia 99 na hutaweza kumtofautisha mtu na mwenzake. Ukihesabu tu ile iliyozua kelele, umewaachia mashabiki na makocha wakuchagulie sampuli.

Hata asili ikipatikana, haitoshi mpaka iwe kubwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Waamuzi wawili, mmoja uwezo wake halisi ni kupatia asilimia 95 ya wakati, mwingine asilimia 94. Wape kila mmoja matukio 400 yaliyokaguliwa, kisha uwapange kwa alama walizopata. Bahati peke yake itamweka yule dhaifu juu ya yule bora karibu mara moja katika kila nne. Hapo hakuna rushwa, hakuna upendeleo, hakuna aliyelala. Ni uchache wa matukio tu. Wape matukio 4,000 kila mmoja, na mkanganyiko huo unashuka hadi mara moja katika 40 hivi. Kwa hiyo yeyote anayekuonyesha orodha ya waamuzi iliyopangwa kwa nukta za desimali, muulize kwanza, matukio mangapi?

Mchezo uliobahatika kupata asili kubwa ni besiboli. Mwamuzi anayesimama nyuma ya mdakaji hana anasa ya kunyamaza. Kila mpira uliorushwa ambao mpigaji hakuuzungushia gongo ni lazima autolee hukumu, umepita ndani ya eneo au nje yake. Katika mechi moja hukumu hizo hufika karibu 150, na kwa msimu mwamuzi husimama pale mara 30 hivi. Piga hesabu mwenyewe, unapata ile 4,000 na zaidi. Tena kamera zimefungwa viwanjani kufuatilia kila mpira, kwa hiyo kosa linapimwa kwa inchi. Ligi Kuu ya besiboli ilikuwa ikimpa mwamuzi nafasi ya huruma ya inchi 2 kuzunguka kingo za eneo: akikosea ndani ya ukanda huo haandikiwi kosa. Kuanzia msimu wa 2025 ukanda ukapunguzwa hadi robo tatu ya inchi. Angalia vizuri kilichotokea hapo. Uwezo wa mtu haukubadilika kati ya Oktoba na Aprili, lakini alama zake zilibadilika, kwa sababu waliokaa mezani walisogeza mstari.

Na bado, pamoja na utajiri huo wote wa namba, besiboli ndiyo iliyofikishwa mahakamani. Ángel Hernández, mwamuzi mzaliwa wa Kuba, aliishtaki ligi mwaka 2017 akidai ubaguzi wa rangi: tangu 2005 hakuwa amepangwa kwenye fainali za World Series, na hakupandishwa kuwa kiongozi wa kudumu wa kundi la waamuzi. Mwaka 2021 mahakama ya wilaya ikatoa hukumu kwa upande wa ligi bila kesi kusikilizwa kwa ukamilifu. Agosti 2023 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo: alishindwa kuonyesha tofauti yenye uzito wa kitakwimu kati ya waamuzi wazungu na wa jamii nyingine katika kupandishwa vyeo. Hernández alistaafu Mei 2024.

Mashabiki wengi walimcheka, maana jina lake lilikuwa kichekesho cha kila wiki. Oktoba 8, 2018, kwenye mtoano kati ya Boston na Yankees, maamuzi yake matatu katika kituo cha kwanza yalipinduliwa na video katika mechi moja. Boston walishinda 16 kwa 1, kwa hiyo hakuna hata moja lililogusa matokeo, lakini ni hayo matatu watu wanayoyakumbuka. Mimi nilibaki na jambo jingine. Viti vya fainali ni vichache mno kiasi kwamba ukiwa na ubaguzi huwezi kuuthibitisha kwa namba, na usipokuwa nao huwezi kujisafisha kwa namba. Mahakama haikusema mfumo ni wa haki. Ilisema mlalamikaji hakufikisha mzigo wake.

Linganisha na utafiti wa wanauchumi Joseph Price na Justin Wolfers juu ya NBA. Hawakushughulika na viti vya fainali kabisa. Walihesabu faulo, misimu mingi ya faulo, na wakaona wachezaji wakipulizwa zaidi kidogo pale waamuzi walipokuwa wa rangi tofauti na yao. Ligi iliupinga. Habari zake zilivuma magazetini mwaka 2007, na utafiti wa baadaye, wao wakishirikiana na Devin Pope, ulionyesha kwamba baada ya habari zile kuvuma upendeleo huo haukuonekana tena. Kwa asili kubwa kinachofichwa na viti 12 kinatoka nje.

Futiboli ya Kimarekani iko upande wa pili kabisa: mechi chache, maamuzi machache, na waamuzi saba uwanjani kila mmoja akiwa na eneo lake. Huko mtoano haupewi makundi yaliyofanya kazi pamoja msimu mzima. Ofisi ya ligi huwapa alama mmoja mmoja kwa video, mchezo kwa mchezo, kisha hukusanya waliofanya vizuri katika kila nafasi na kuunda kundi jipya. Kwa karatasi ni haki tupu. Kwa vitendo unawaweka pamoja watu saba ambao hawajazoeana sauti, kwenye mechi kubwa ya mwaka. Wapigaji wa taarabu watanielewa: chukua mpiga fidla bora wa kikundi hiki na mpiga ganuni bora wa kikundi kile, wote mafundi, na bado onyesho la kwanza litakwaruza.

Januari 20, 2019, New Orleans walikuwa nyumbani dhidi ya Rams, mshindi aende Super Bowl, fainali ya ligi. Matokeo 20 kwa 20, imebaki dakika 1 na sekunde 49. Pasi ikarushwa pembeni kwa Tommylee Lewis, na beki Nickell Robey-Coleman akamvaa mzima mzima kabla mpira haujafika. Kwenye mchezo huo mwamuzi akiona kosa hurusha kitambaa cha njano. Hakuna kitambaa kilichotoka. Rams wakashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Baadaye ligi ilimtoza Robey-Coleman faini ya dola 26,739 kwa kugonga kofia kwa kofia katika tukio lile lile, yaani ofisini liliadhibiwa kosa ambalo uwanjani halikuwepo. Wamiliki wa timu wakapiga kura 31 kwa 1 kuruhusu video ikague makosa ya aina hiyo. Jaribio lilidumu msimu mmoja, likaachwa.

Kinachonihusu mimi ni kilichofuata. Mwamuzi mkuu wa mechi ile, Bill Vinovich, ndiye aliyepewa Super Bowl iliyofuata, Februari 2020. Watu walipiga kelele, na mwanzoni nami nilikuwa mmoja wao. Halafu nikarudia video nikimtazama yeye peke yake. Kazi ya mwamuzi mkuu katika pasi ni kusimama nyuma ya kotabeki, yule mrusha pasi, na kumlinda asigongwe baada ya kuachia mpira. Macho yake yalikuwa mahali yanapotakiwa kuwa. Kosa lilitokea pembeni, kwenye eneo la wengine. Kama ungemnyima fainali ungekuwa unamwadhibu kwa sababu jina lake ndilo linalotangazwa. Ligi, ambayo mara nyingi huwa siitetei, hapo ilipima eneo la mtu na wajibu wake, ikaacha hasira zetu zipite.

Limebaki lile neno la tatu, madaraja ya timu. Nilikuwa napinga kabisa timu kuwapangia waamuzi madaraja. Ni kama kumwachia mshtakiwa amchague hakimu. Leo sina uhakika huo. Kocha anaona kisichoingia kwenye jedwali: mwamuzi anayejibu swali kwa utulivu, mwamuzi anayeweka kinyongo tangu Novemba. Tatizo ni kocha naye kukumbuka mechi moja aliyofungwa. Tiba yake ninayoiona mimi ni kuwahoji kabla ya matokeo ya mtoano kuanza kuwachafua vichwa, na kuwataka wapange waamuzi wote kwa mfululizo badala ya kutoa alama. Ukimruhusu mtu kutoa alama, utapata nane nane.

Kuhusu uaminifu nitasema kwa kifupi, maana Tim Donaghy, aliyekuwa mwamuzi wa NBA, ameshaandikwa sana. Alijiuzulu 2007, akakiri kosa, akahukumiwa miezi 15 kwa kashfa ya kamari. Kuna funzo la kiufundi ambalo husahaulika. Zamani majina ya waamuzi wa mechi yalifichwa mpaka karibu na muda wa mchezo, na siri hiyo ikawa bidhaa kwa wacheza kamari. Baada ya kashfa, NBA ikaanza kuyatangaza asubuhi ya siku ya mchezo, kila mtu ayajue kwa wakati mmoja. Kipande kidogo cha uwazi, gharama yake karibu sifuri.

Mwaka jana nilialikwa tena mezani, mashindano madogo ya vijana, na fomu ni ile ile ila sasa imechapwa kwa kompyuta. Nilichora mstari wa ziada kwa peni chini ya usahihi wa maamuzi. Dakika mbili za mwisho za mechi ya kwanza nikaacha kuandika pointi, nikamwomba binti aliyekaa na saa anisaidie, nikahesabu. Vipenga vilivyolia, vitatu. Migongano ambayo mwamuzi aliiangalia akaiacha, 17. Katika hiyo 17, niliamini kwamba miwili ilistahili kipenga, na wa tatu sikuwa na hakika, kwa sababu mgongo wa mchezaji ulinizuia kuona.

Binti akaiangalia karatasi yangu. "Sasa mjomba, huu wa tatu unauweka wapi?"

Nikauandika pembeni, ndani ya mabano.